Namna ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili vilivyo mbali

Tiketi ya kutoka Narita, Tokyo, kwenda Los Angeles inaweza kusomeka hivi: kuondoka 10 Januari 17:00, kufika 10 Januari 10:00. Ukitoa namba kwa namba, ndege imefika saa saba kabla haijaruka. Tiketi haina kosa lolote. Saa mbili zilizoandikwa hapo ni za miji miwili tofauti, na katikati yake kuna bahari ya Pasifiki yenye mstari wa tarehe, ambako siku ya kalenda hubadilika. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kutoka kwenye majina mawili ya viwanja hadi kwenye namba unazoweza kuziamini, na mfano wa Narita na Los Angeles utatusindikiza karibu mpaka mwisho kwa sababu una mitego yote mahali pamoja.

Kabla ya kushika kikokotoo, tenganisha vitu vinne ambavyo watu huvichanganya kila siku. Kuna umbali wa duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Kuna muda wa hewani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi mpaka yanapoigusa tena. Kuna muda wa ratiba, unaoanza ndege inapoachia breki getini na kuisha inapofunga breki kwenye geti la pili. Huu ndio unaotangazwa na mashirika. Halafu kuna muda wa safari nzima, pamoja na kusubiri na kuunganisha ndege. Anayesema "ni saa kumi" bila kutaja ni saa kumi za kitu gani, hajasema kitu.

Hatua ya 1: Kitambue kiwanja kwa msimbo wake

Jina la mji halitoshi. Kila kiwanja kikubwa cha abiria kina msimbo wa IATA wa herufi tatu, ule unaochapwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi, na msimbo wa ICAO wa herufi nne wanaoutumia marubani na waongoza ndege. Narita ni NRT na RJAA. Los Angeles ni LAX na KLAX.

Ziko Sydney mbili zenye viwanja vya abiria: SYD ya Australia na YQY ya Nova Scotia, Kanada, na wapo wasafiri waliotaka ya kwanza wakajikuta ya pili. San José ya Kosta Rika ni SJO. San Jose ya California ni SJC. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Alabama ni BHM. Tena angalia misimbo ya mji mzima kama TYO, LON na NYC: hiyo ni ya kutafutia tiketi tu, haina njia ya kurukia hata moja. Tokyo ina Narita na Haneda, na kati ya viwili hivyo kuna kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, na zaidi kwa barabara au reli. Anayetua kimoja na kuondokea kingine ana safari ya tatu ambayo haimo kwenye hesabu yake.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo kwa desimali

Kwenye vitabu vya usafiri wa anga, mahali pa kiwanja huandikwa kwa digrii, dakika na sekunde. Los Angeles ni 33°56′33″ kaskazini, 118°24′29″ magharibi. Hesabu inataka desimali, kwa hiyo gawa dakika kwa 60, sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha:

33 + 56/60 + 33/3600 = 33.9425

Kosa la kawaida hapa ni kuzisogeza tarakimu tu na kuandika 33.5633. Linaonekana dogo, lakini limekihamisha kiwanja kilomita 42 kusini.

Kisha weka alama. Kaskazini mwa ikweta ni chanya, kusini ni hasi. Mashariki mwa Greenwich ni chanya, magharibi ni hasi. Kwa mfano wetu:

NRT: 35.7647, 140.3864
LAX: 33.9425, −118.4081

Alama ya hasi mbele ya 118 ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Ukiiacha, hesabu itakupa kilomita 2,010 hivi kutoka Narita, maana kiwanja chako sasa kimeangukia mashariki ya China. Kikokotoo hakitalalamika. Kitakupa jibu safi lenye desimali zake zote, ndiyo maana ni muhimu kuwa na kadirio kichwani kabla ya kubonyeza.

Nafasi nne za desimali zinatosha kabisa, kwani digrii 0.0001 ni kama mita 11. Hata mbili zingetosha kwa mtu anayetaka muda wa safari tu.

Hatua ya 3: Kokotoa duara kuu

Dunia ichukuliwe kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kanuni ni hii, ambapo A ni latitudo ya kiwanja cha kwanza, B ya cha pili, na D ni tofauti ya longitudo zao:

cos θ = sin A × sin B + cos A × cos B × cos D

θ ni pembe kati ya viwanja hivyo ikipimwa kutoka kitovu cha dunia. Kila digrii ya pembe hiyo ni kilomita 111.195 juu ya uso wa dunia.

Tofauti ya longitudo kwa mfano wetu ni 140.3864 kutoa −118.4081, sawa na 258.7945. Imevuka 180, maana yake tumezunguka dunia kwa upande mrefu. Toa kwenye 360 ubaki na 101.2055. Kanuni ya kosaini ingekupa jibu lilelile hata usipofanya hivyo, lakini ukizoea kurekebisha utaona mapema kwamba njia inapita Pasifiki.

sin 35.7647 × sin 33.9425 = 0.32634
cos 35.7647 × cos 33.9425 × cos 101.2055 = −0.13081
Jumla = 0.19553
θ = digrii 78.724
78.724 × 111.195 = kilomita 8,754 baada ya kukadiria

Kabla ya yote hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, si radiani, ambayo ni kipimo kingine cha pembe. Kipimo ni rahisi: sin 30 lazima itoe 0.5. Ikitoa −0.988, badilisha mpangilio.

Anayetaka kufanya viwanja vingi kwa pamoja, atumie Excel au lahajedwali lolote. Weka latitudo na longitudo ya kwanza kwenye A2 na B2, za pili kwenye C2 na D2, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A2))*SIN(RADIANS(C2))+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(C2))*COS(RADIANS(D2-B2)))

Ukilinganisha na tovuti zinazokokotoa kwa umbo halisi la dunia utaona wao wanakaribia kilomita 8,770. Sababu ni kwamba dunia imebonyea kidogo: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378.1, kwenye ncha ni 6,356.8. Hitilafu ya tufe haizidi kama nusu ya asilimia moja. Hapa ni kilomita 16, dakika moja ya kuruka. Hakuna haja ya kuumiza kichwa. Kuanzia hapa tutatumia 8,770.

Ukihitaji maili za baharini, kipimo cha marubani, zidisha digrii za pembe kwa 60, au gawa kilomita kwa 1.852. Usichanganye na maili ya barabarani yenye kilomita 1.609. Jedwali likisema "maili" bila kufafanua, jaribu zote mbili uone ipi inalingana na hesabu yako.

Ukaguzi wa haraka: nusu ya mzunguko wa dunia ni karibu kilomita 20,000. Jibu lolote linalozidi hapo ni kosa, bila mjadala.

Kwa nini mstari wa ramani haufanani na njia ya ndege

Chora mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani kutoka Tokyo hadi Los Angeles. Utapita karibu sambamba na ikweta, kwenye latitudo ya 35 hivi mwanzo mpaka mwisho, na urefu wake halisi ni kama kilomita 9,240. Sasa chukua mpira wa dunia na uzi. Vuta uzi kati ya miji hiyo mpaka ukaze. Utauona umejipandisha wenyewe kaskazini: unatoka Narita ukielekea kaskazini mashariki, kwenye mwelekeo wa digrii 56, unafika karibu latitudo 47.7, kisha unateremka kuelekea California. Uzi umeokoa zaidi ya kilomita 450. Ramani bapa ndiyo iliyopindisha. Uzi umenyooka.

Mfano mkali zaidi ni Singapore na JFK ya New York, mojawapo ya safari ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani, kilomita 15,349. Longitudo zao zinatofautiana kwa karibu digrii 178, hivyo duara kuu lao linapanda hadi latitudo ya 87 na kitu, pembeni kabisa mwa Ncha ya Kaskazini.

Hatua ya 4: Ongeza urefu wa njia halisi

Hakuna ndege inayofuata uzi ule kikamilifu. Inazunguka ili kujipanga na njia ya kurukia na ya kutulia, inafuata njia za anga zilizowekwa, inakwepa dhoruba. Kwa safari ndefu isiyo na kizuizi kikubwa, ongeza asilimia 2 hadi 4. Sisi tutaongeza 3: 8,770 × 1.03 = kilomita 9,033.

Lakini vipo vizuizi ambavyo asilimia 3 haiwezi kuvibeba.

Cha kwanza ni anga lililofungwa. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya, na ya Japani, hayapiti juu ya Urusi, na safari ya Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi imekuwa ya saa 13. Umbali wa duara kuu haujabadilika hata kwa mita moja. Ndiyo maana tovuti ya umbali haiwezi kukwambia muda mahali ambapo anga limefungwa. Kwa safari yoyote kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki, angalia kwanza shirika ni la nchi gani, kwani mashirika mawili yanayohudumia miji ileile yanaweza kupita njia tofauti kabisa.

Cha pili ni kanuni ya ndege za injini mbili. Lazima zibaki ndani ya muda ulioidhinishwa kutoka kiwanja kinachoweza kuzipokea injini moja ikizimika. Dakika 180 ni idhini ya kawaida. Boeing 787 inaweza kuidhinishwa hadi 330, Airbus A350 hadi 370. Juu ya bara au Atlantiki ya Kaskazini huwezi kuona athari yake. Kwenye bahari za kusini, kama kati ya Sydney na Johannesburg au Sydney na Santiago, viwanja ni vichache na njia inaweza kulazimika kupinda.

Cha tatu ni upepo wenyewe. Kuna siku rubani anarefusha njia kwa makusudi na bado anafika mapema. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini na Pasifiki, njia za ndege hupangwa upya kila siku kufuata upepo wa siku hiyo. Safari ya Singapore kwenda New York mara nyingi hukata Pasifiki badala ya kupita nchani. Ni kilomita nyingi zaidi, lakini upepo unasukuma.

Hatua ya 5: Tafuta kasi juu ya ardhi

Hapa ndipo makadirio mengi yanapopotea, basi tukae kidogo.

Ndege kubwa za masafa marefu kama 787 na A350 husafiri kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kasi ya sauti hushuka hewa inapokuwa baridi, na kwenye kimo cha mita 11,000 hewa ya kawaida huwa nyuzi −56.5. Huko sauti huenda kilomita 1,062 kwa saa, na asilimia 85 yake ni 903. Ndege ndogo za aina ya 737 na A320 husafiri karibu Mach 0.78, kama 830.

Hiyo ni kasi ndani ya hewa. Hewa nayo inatembea. Mabaharia wana maneno mazuri kwa jambo hili: upepo wa omo, unaokuja usoni, na upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma. Upepo wa tezi unajumlishwa kwenye kasi, wa omo unatolewa.

Upepo mkubwa wa kuujua ni mkondo wa jeti. Unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo kilekile ndege zinakopita, kilomita 9 hadi 12 juu, hasa kwenye latitudo za kati za kaskazini na kusini. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya tropiki na nchi za baridi, ikipindishwa na mzunguko wa dunia. Tofauti hiyo ya joto ni kubwa wakati wa kipupwe, na mkondo nao huwa mkali wakati huo. Kiini chake hupita kilomita 200 kwa saa mara kwa mara. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa puto juu ya Japani miaka ya 1920, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, na wengi nje ya nchi hawakuyatia maanani.

Wapo wanaoamini kwamba ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kuwahi kwa sababu dunia inazunguka chini yake kuilaki. Haiwi hivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Kinachobaki ni upepo tu.

Kadirio la kuanzia, likiwa wastani wa njia nzima na si kilele cha mkondo: kwa safari ndefu za mashariki na magharibi kati ya latitudo 30 na 60, tumia kilomita 80 kwa saa wakati wa kipupwe na 40 wakati wa joto. Kwa safari za kaskazini na kusini, au zinazobaki tropiki, anza na sifuri.

Kwa Januari, kilomita 9,033:

NRT kwenda LAX: 903 + 80 = 983; 9,033 ÷ 983 = saa 9.19
LAX kwenda NRT: 903 − 80 = 823; 9,033 ÷ 823 = saa 10.98

Angalia vizuri: saa 9.19 si saa 9 na dakika 19. Desimali izidishwe kwa 60: 0.19 × 60 = 11. Ni saa 9 na dakika 11 kwenda, saa 10 na dakika 59 kurudi. Mtu mmoja, ndege ileile, karibu saa mbili za tofauti.

Pia upepo haufidii ulichochukua. Bila upepo kila upande ungekuwa saa 10 kamili. Ukijumlisha kwenda na kurudi kwenye upepo unapata saa 20 na dakika 10, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisaidia.

Siku ya dhoruba namba hizi hupasuka. Usiku wa kuamkia 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, Boeing 747 ilitoka JFK hadi Heathrow ya London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kasi ya sauti, ingawa ndani ya hewa yenyewe haikuifikia.

Hatua ya 6: Ongeza dakika za ardhini na za kupanda

Ndege haiendi 903 kuanzia getini. Kwa kiwanja kikubwa, weka dakika 20 za kutambaa kutoka getini hadi njia ya kurukia, dakika 15 kwa muda unaopotea wakati wa kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua, na dakika 10 za kutambaa hadi geti la kufikia. Jumla ni 45. Kiwanja chenye msongamano jioni kinaweza kula dakika 30 kwenye foleni ya kuruka peke yake.

9:11 + 0:45 = saa 9:56 kwenda
10:59 + 0:45 = saa 11:44 kurudi

Huu sasa ni muda wa ratiba, na ratiba za mashirika kwa njia hii wakati wa kipupwe huwa karibu na saa 10 na saa 11:45. Mashirika huongeza akiba ya dakika kadhaa ili ndege zihesabike kuwa zimefika kwa wakati, ndiyo sababu rubani hutangaza "tumefika dakika 20 mapema" bila kwamba alikimbia.

Asiye na nafasi ya hesabu yote hii atumie njia ya mkato: gawa kilomita za duara kuu kwa 850, ongeza nusu saa. 8,770 ÷ 850 ni 10.3, ukiongeza 0.5 unapata 10.8, ambayo ni wastani wa kwenda na kurudi. Kwa Singapore na New York inatoa saa 18 na nusu, nayo iko karibu sana na ratiba. Chini ya kilomita 1,500 usiitumie. Itakuahidi muda mfupi kuliko ukweli, maana huko sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka.

Hatua ya 7: Peleka kila kitu UTC

UTC ni saa ya pamoja ya dunia, ambayo saa za miji yote hupimwa kutoka kwake. Sheria ni moja: usitoe saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine. Geuza saa ya kuondoka iwe UTC, ongeza muda, kisha geuza iwe saa ya mji wa kufikia.

Tokyo iko UTC+9 mwaka mzima. Los Angeles iko UTC−8 kipupwe, UTC−7 wanaposogeza saa mbele.

Kuondoka NRT: 10 Januari 17:00 → UTC 08:00
Ongeza saa 10 → UTC 18:00, bado 10 Januari
Los Angeles: 18:00 − 8 = 10:00, 10 Januari

Ndiyo ile tiketi tuliyoanza nayo. Kurudi:

Kuondoka LAX: 20 Januari 11:00 → UTC 19:00
Ongeza 11:45 → UTC 06:45, 21 Januari
Tokyo: 15:45, 21 Januari

Kwenye tiketi hiyo utaona "+1" kando ya saa ya kufika: siku moja mbele. Mstari wa tarehe haukuhitaji hesabu yake peke yake; UTC imeshaubeba.

Mambo matatu huharibu hatua hii. Kuna kanda zisizo za saa kamili: India ni UTC+5:30, Nepal UTC+5:45, Adelaide UTC+9:30 kabla ya kusogeza. Kuna kusogeza saa: Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu tofauti ya New York na London ni saa nne badala ya tano. Nchi za kusini zinazosogeza hufanya kinyume. Tafuta ukanda wa tarehe ya safari, si wa leo unapokata tiketi.

Na la tatu linatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. 17:00 ni saa 11 jioni, 10:00 ni saa 4 asubuhi. Hilo wengi hulimudu. Hatari iko kwenye namba zinazoanza na 00. Tiketi ikisema Jumamosi 00:15, hiyo ni saa 6 na robo usiku wa kuamkia Jumamosi, maana yake unatakiwa uwanjani Ijumaa, kama saa 3 usiku. Anayekwenda Jumamosi usiku ameikosa ndege kwa saa 24. Ukiandika ratiba ya mtu mwingine, andika "usiku wa kuamkia" na utaje siku. Maneno hayo hayana utata.

Hatua ya 8: Kama unaunganisha ndege

Tuseme safari ni kutoka Los Angeles kwenda Singapore ukipitia Narita. Duara kuu la moja kwa moja ni kilomita 14,101. Kwa vipande viwili, vyote kwa tufe lilelile la hatua ya 3: 8,754 na 5,357, jumla 14,111. Tofauti ni kilomita 10 tu! Narita iko karibu juu kabisa ya njia fupi kuelekea Singapore. Fanya hesabu hii kwa kila mji wa kuunganishia unaofikiriwa, utashangaa upi uko njiani na upi unakurudisha nyuma.

Kwa muda ni habari nyingine:

LAX kwenda NRT: 11:45, kufika 15:45 tarehe 21
Kusubiri: 2:15, kuondoka 18:00 (UTC 09:00)
NRT kwenda SIN: 7:20, UTC 16:20
Singapore, UTC+8: 00:20 tarehe 22

Jumla ni saa 21:20, na umefika usiku wa kuamkia tarehe 22. Safari isiyotua kwa mkato wetu ni saa 17 na kidogo. Kilomita 10 za ziada zimegharimu saa nne, kwa sababu umeshuka, umesubiri, umepanda upya.

Muda wa kusubiri upimwe kutoka ratiba ya kufika hadi geti la pili linapofungwa, ambalo kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka. Tiketi moja yenye vipande vyote inabeba wajibu wa shirika: ukichelewa kwa sababu ya ndege yao, wanakupanga nyingine. Tiketi mbili tofauti hazina ulinzi huo, na mara nyingi itabidi upite uhamiaji, uchukue begi, ulikabidhi tena kwenye kaunta inayofungwa kama saa moja kabla. Weka angalau saa nne. Marekani, hata anayepita tu kwenda nchi nyingine hupitia uhamiaji na forodha kwenye kiwanja cha kwanza, na huhitaji kibali cha kuingia au kupita.

Jihadhari pia na neno "moja kwa moja". Mashirika mengine hulitumia kwa safari yenye namba moja tu ya ndege hata kama inatua njiani kwa saa moja na nusu. Angalia kama kuna "kituo 1" chini ya ratiba. Unachotafuta ni safari isiyotua.

Hesabu yako isipolingana na ratiba

Dakika 30 juu au chini ni kawaida. Ikizidi 45, kagua kwa mpangilio huu: alama ya hasi kwenye longitudo za magharibi; ukanda wa saa kwa tarehe hiyo; mwelekeo wa upepo, kama umejumlisha mahali pa kutoa; kutua njiani kusikoonekana; kisha anga lililofungwa. Ratiba zikiwa ndefu kuliko hesabu yako kwa saa mbili au tatu kwenda na kurudi, upepo si sababu, kwani upepo ungerefusha upande mmoja na kufupisha mwingine. Fungua njia ya ndege ya jana kwenye tovuti ya kufuatilia ndege, uone inapinda wapi, kisha pima vipande vya kona hadi kona kwa kanuni ileile ya hatua ya 3 na uvijumlishe.